Sayyida Salme na Bustani za Unguja

Sisi tukaao Nyakalengija, mahali ambapo barabara ya magari inakwisha na njia ya miguu ya kupandia Rwenzori inaanza, tumezoea kulala na kuamka kwa sauti ya maji. Mto Mubuku hunguruma mchana na usiku. Mgeni atokaye mjini hulalamika usiku wa kwanza kwamba hapati usingizi, na siku ya kuondoka huonekana akisitasita mlangoni. Ndiyo maana hatukuona taabu kumwelewa mwanamke tunayekusudia kumweleza leo. Alizaliwa katika kasri lililopitiwa na mto, akakimbilia nyumba nyingine ya kando ya maji alipofikwa na misiba, akafia mbali katika nchi ya baridi huku moyo wake ukiwa bado uko kwenye maji yale.

Mwanamke huyo ni Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Wazungu wanamjua zaidi kwa jina la Emily Ruete.

Huenda ndugu msomaji akauliza: Unguja na Kasese, wapi na wapi? Swali hilo ni halali. Tunamkumbusha kwamba mwaka 1889 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa na wapagazi wengi waliotoka Unguja, ulipita chini ya milima hii ukafika kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Wapagazi hao walikuwa wakisema Kiswahili kile kile kilichosemwa jikoni na uani katika majumba ya Sayyid Said. Lugha tunayoandikia makala haya ilifika huku kwa miguu ya watu wa namna hiyo. Basi si vibaya kutazama ile nyumba kubwa iliyokuwa mwanzo wa njia.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa milima ya Caucasus, ambaye alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo na kutenganishwa na jamaa zake, kisha akaangukia katika nyumba ya Sultani. Alikuwa suria, na si mke wa ndoa. Lakini kwa sheria ya nyumba ile mtoto wa suria alikuwa mtoto kamili wa baba yake, mwenye haki ya urithi kama wengine. Jambo hili la urithi tunamwomba msomaji aliweke akilini, maana ndilo litakalomsumbua Salme maisha yake yote.

Kasri la Mtoni halikujengwa kwa ramani moja. Sayyid Said alianza kulijenga kabla ya mwaka 1830, na kila watu walipozidi, nyumba nyingine iliongezwa ubavuni mwa ile ya kwanza. Salme mwenyewe alipolikumbuka baadaye alisema wazi kwamba halikuwa zuri kwa umbo lake. Waliokaa humo, kwa makadirio yake, walizidi elfu moja: mke mkuu, masuria na watoto wao, matowashi, vijakazi na watumwa. Ngazi zake zilijaa watu wa kupanda na kushuka hata mtu alilazimika kusubiri zamu.

Uzuri wa Mtoni ulikuwa uani. Ua ule ulikuwa mpana mno, na mto ulipita humo kabla ya kumwaga maji yake baharini. Tausi, swala, kanga, heroe, mabata na mbuni walitembea humo bila kufungwa, na watoto walijifunza mapema ni ndege gani wa kuchezewa na yupi wa kukimbiwa. Upande mmoja palikuwa na safu ya nyumba za kuogea, zenye mabirika makubwa ya mawe, na karibu nazo michungwa iliyokuwa mikubwa kiasi cha watoto kujificha matawini. Katika nyumba hizo za kuogea watu hawakuingia kwa haraka wakatoka. Walikaa kwa saa nyingi, wakaoga, wakasali, wakasoma, wakalala, wakaamka na kuoga tena.

Mbele ya kasri, upande wa bahari, palikuwa na banda la mviringo lililoinuliwa juu, lenye paa la mbao zilizopakwa rangi. Lilikuwa likiitwa benjile. Hapo ndipo Sayyid Said alipokunywa kahawa pamoja na watu wake, na hapo ndipo alipotembea peke yake huku na huko, kichwa akiwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi alilolipata vitani ujanani mwake. Darubini ilikuwa tayari kwa kutazama merikebu. Watoto walimwona mzee huyo akitembea namna ile na walijua kuwa si wakati wa kumwendea.

Mke mkuu wa nyumba, Azza binti Seif, alikuwa mfupi wa kimo na hakujaliwa mtoto, lakini neno lake lilikuwa amri kwa kila mtu na mumewe hakumpinga. Mke mwingine, Shahrazad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, alikuwa kinyume chake kabisa. Alipenda farasi na kuwinda, akavaa mavazi ya kwao, na watu wakasema maneno. Kwa ajili yake, Sayyid Said alijenga mwaka 1850 nyumba ya kuogea kule Kidichi, juu penye baridi katikati ya mikarafuu, yenye makuba na nakshi za chokaa za maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi. Ndoa ilivunjika, Shahrazad akarudi kwao, na nyumba ikabaki. Hadi leo wageni hupelekwa kuitazama.

Tumelieleza kasri hili kwa kirefu kwa sababu Salme alikaa humo kwa miaka saba tu ya mwanzo, na hata hivyo hakupata kutoka humo kimawazo. Humo alifundishwa kupanda farasi. Humo alisikia Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kiswahili vikisemwa kwa pamoja uani, ingawa mbele ya baba yao ilikuwa lazima kusema Kiarabu tu. Alipohamia mjini pamoja na mama yake, kwenye nyumba ya Watoro ya kaka yake Majid, alilia sana. Majid alimfundisha kutumia bunduki na upanga. Kazi ya mikono ya wanawake haikumvutia sana.

Lakini silaha kubwa aliyojipatia alijipatia mwenyewe. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, hawakufundishwa kuandika. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama ubao, akanakili herufi za Msahafu moja baada ya moja kwa siri mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana, baadhi ya watu walimlaumu vikali. Sisi tuliopelekwa shule kwa kuvutwa sikio hatuna budi kuona haya kidogo.

Tarehe 19 Oktoba, 1856, Sayyid Said alifariki dunia melini akirudi kutoka Omani. Aliacha watoto 36 walio hai. Dola yake ikagawanyika: Thuwaini akashika Muskat, Majid akashika Unguja. Salme alikuwa na umri wa miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima na akapewa fungu lake la urithi, fedha na shamba lenye nyumba. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu ulimchukua Jilfidan, na mashamba ya mama nayo yakawa ya binti. Kwa hiyo Salme, akiwa na umri wa miaka 15, hakuwa na baba wala mama, lakini alikuwa na mali yake, nyumba zake na watumwa wake.

Mwaka huo huo nduguye Barghash alikula njama ya kumpindua Majid. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda kuliko wote, alikuwa upande wa Barghash. Salme aliyelelewa na Majid hakuwa na ugomvi naye hata kidogo, lakini Khole alimwita naye akaitika. Walihitaji mtu wa kuandika barua kwa masheikh, na katika nyumba zile mwanamke aliyejua kuandika alikuwa ni yeye. Ule mfupa wa ngamia ulizaa matunda yasiyotarajiwa: msichana wa miaka 15 akawa katibu wa uasi, akiandika usiku barua za kuagiza bunduki na baruti.

Njama ilipojulikana, askari wa Majid waliizunguka nyumba ya Barghash. Khole na ndugu yao Meje walimvika kaka yao nguo za kike, wakampitisha usiku mbele ya walinzi, ambao hawakuthubutu kuwagusa mabinti wa Sultani. Barghash alijificha kwenye shamba lililoitwa Marseilles, lililokuwa limejengwa imara kama ngome. Majid aliomba msaada wa Waingereza, mizinga ikapigwa, watu wengi wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni kwa muda wa miaka miwili. Majid hakuwaadhibu dada zake. Msamaha huo, kwa jinsi tunavyomwelewa Salme, ulimchoma kuliko adhabu.

Sasa tumefika mahali penyewe. Salme hakuweza tena kukaa mjini. Jamaa waliokuwa upande wa Majid walimkwepa, walioshindwa walikuwa wakiomboleza wafu wao, na kila nyumba ilikuwa na kisasi. Akahamia shambani Kizimbani. Huku walikuwako watumwa na wanyama wake, na mikarafuu iliyofunika vilima. Aliwazuru wagonjwa na kusimamia kazi za shamba, jambo ambalo mwanamke wa mjini wa daraja yake hakulijua. Lakini Kizimbani ni bara, na mtoto wa Mtoni hakuweza kuishi bila bahari. Akakodi nyumba Bububu, pwani.

Hapo ndipo alipopata raha. Nyumba ya Bububu ilikuwa kando kabisa ya bahari, katikati ya miti, na kijito kikipita karibu. Haikuwa kasri wala haikuwa na watu elfu moja ngazini. Ukitazama kwa makini utaona kwamba yule binti aliichagua Mtoni nyingine iliyo ndogo: maji matamu upande mmoja, maji ya chumvi upande wa pili, kivuli katikati, na yeye mwenyewe ndiye mwenye amri ya nani aje na nani asije. Jamaa walikuja kwa ngalawa au kwa punda, wakakaa siku mbili tatu, wakaondoka. Asubuhi alitazama mashua za samaki zikirudi.

Hapa turuhusiwe kuingiza jambo dogo. Watu wengi husema jina la Bububu linatokana na sauti ya garimoshi lililojengwa kutoka mjini hadi huko mwaka 1905. Hadithi hii inapendeza, lakini Salme analitaja jina hilo katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1886. Garimoshi lilikuta jina limekwisha zoeleka.

Wasomaji waliosoma historia ya Ulaya watakumbuka Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Yeye naye alichoshwa na jumba kubwa la Versailles, ambamo hata kuvaa nguo asubuhi ilikuwa shughuli ya hadhara. Mwaka 1774 mumewe, Mfalme Louis wa 16, alimpa nyumba ndogo iitwayo Petit Trianon, iliyo ndani ya bustani zile zile. Malkia aliifanya kuwa yake. Aling'oa bustani ya zamani iliyopangwa kwa mistari akaweka ya mtindo wa Kiingereza, yenye vijia vya kupinda, mto wa kuchimbwa, kilima cha kutengenezwa, pango, na hekalu dogo la mapenzi katikati ya maji. Kuanzia mwaka 1783 fundi wake Richard Mique alimjengea kijiji kizima kando ya ziwa, chenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi, kinu, zizi na ng'ombe wa kukamwa, ili malkia apate kuonja maisha ya shamba. Hakuna aliyeingia huko bila kualikwa, hata mfalme mwenyewe. Wakubwa waliofungiwa nje walikasirika, na maskini waliosikia habari za gharama zake walikasirika zaidi. Tarehe 5 Oktoba, 1789, malkia alikuwa huko huko Trianon alipoletewa habari kwamba umati unatoka Paris kuja Versailles. Aliondoka na hakurudi tena. Alikatwa kichwa tarehe 16 Oktoba, 1793.

Hatusemi kwamba Salme alikuwa Marie Antoinette. Mmoja alikuwa malkia wa nchi ya mamilioni, mwingine alikuwa binti mmoja kati ya watoto wengi wa suria. Lakini wote wawili walitafuta mahali padogo ambapo wangejitawala, na wote wawili walipapata kwa hisani ya mtu mwingine mwenye nguvu. Tena wote wawili walipumzika juu ya kazi ya watu ambao hawakupumzika. Kule Trianon palikuwa na watunza bustani na kodi za wakulima. Kizimbani na Bububu palikuwa na watumwa, waliotekwa bara, pengine si mbali sana na maziwa yetu, wakashushwa pwani kwa minyororo ili wachume karafuu.

Salme hakuliona jambo hilo kama tunavyoliona sisi. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa nyumba za Kiarabu, akidai haufanani na ule wa Marekani, na akasema maneno ya dharau juu ya Mwafrika na kazi. Mama yake mwenyewe alikuwa mtoto aliyetekwa, na bado binti hakufika hatua ya kuuliza kwa nini. Tunalitaja jambo hili bila kulipamba, maana msomaji akiambiwa habari za tausi na michungwa tu atakuwa amedanganywa. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina lake, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina hilo liondolewe kwa sababu ya maneno hayo.

Turudi Bububu. Majid na Salme walipatana. Sultani alikuja mwenyewe kumzuru dada yake shambani, na mambo ya zamani hayakutajwa. Khole hakumsamehe kwa kupatana huko, wala Barghash hakumsamehe, naye alikuwa amekwisha rudi kutoka Bombay. Kisha siku moja ulikuja ujumbe kutoka kwa Majid: balozi mpya wa Kiingereza ameipenda nyumba ya Bububu iwe mahali pake pa kupumzikia, je, dada atakubali kumwachia? Salme alimwona Majid kuwa mtu anayemdai shukrani. Akakubali, akafunga mizigo, akarudi mjini.

Ombi hilo lilitolewa kwa adabu, wala hakuna aliyelazimishwa kwa upanga. Lakini tazama lilikompeleka. Nyumba aliyoipata mjini ilipakana na nyumba ya kijana Mjerumani, mfanyabiashara kutoka Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Mapaa yalitazamana. Kutoka juu Salme aliona karamu za Wazungu, na kutoka upande wa pili alionekana. Urafiki ukawa mapenzi, na mapenzi yakawa mimba.

Kwa binti wa Sultani jambo hilo lilikuwa hatari ya kifo. Mwezi Agosti 1866, usiku wa sherehe ya Siku ya Mwaka, wakati wanawake wa mji walipokwenda pwani kuoga, Salme alishuka pamoja nao hadi kwenye maji. Mashua ilikuwa inangoja. Ilimpeleka kwenye manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, na manowari ikang'oa nanga kwenda Aden. Alikuwa na umri wa miaka 21, karibu kutimiza 22.

Aden alikaa kwa mume na mke Wahispania aliowafahamu tangu Unguja. Alimzaa mtoto wa kiume mwezi Desemba, akangoja. Ruete alibaki Unguja akimaliza shughuli zake za biashara, na Majid, jambo la kustaajabisha, hakumdhuru. Tarehe 30 Mei, 1867, Salme alibatizwa akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Mtoto alifariki njiani, nchini Ufaransa, kabla ya kuona Ujerumani.

Juu ya Hamburg tutasema machache, maana ni habari ya milango iliyofungwa. Mtu aliyekulia uani penye mto sasa alikaa katika vyumba vilivyotiwa moto wa makaa, akivaa nguo za kubana, akitazamwa na watu kama kitu cha maonyesho. Alijifunza Kijerumani. Alizaa watoto watatu, Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Mwaka huo huo wa 1870, mwezi Agosti, mumewe aliumia katika ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, akafa. Mwezi Oktoba Majid naye alifariki Unguja, na Barghash akawa Sultani. Kwa miezi mitatu Salme alipoteza mume aliyemfuata na kaka aliyemsamehe, na aliyebaki na ufunguo wa nyumba ya baba yao alikuwa ni yule ambaye hakumsamehe.

Wenye mamlaka wa Hamburg walimnyima urithi wa mumewe. Unguja nako aliambiwa hana urithi, maana aliyeacha dini ya Kiislamu hawarithi Waislamu. Haki itendeke hapa kwa Barghash: sheria hiyo hakuitunga yeye, na watu wake wangemshangaa kama angeivunja. Walakini, mtu aliyetolewa nyumbani kwake amevikwa nguo za kike na dada zake, na ambaye barua za uasi wake ziliandikwa na mkono wa msichana huyu, angeweza angalau kumpokea mlangoni. Hakumpokea. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alisafiri hadi huko ili amwone. Waingereza, ambao hawakutaka mgeni wao audhiwe, walimbembeleza aache, wakamwahidi kuwatazama watoto wake. Ahadi haikutimizwa kama alivyotarajia.

Ndipo Wajerumani wakamkumbuka. Mwezi Agosti 1885, Bismarck alituma manowari Unguja ili kumlazimisha Barghash akubali madai ya Ujerumani juu ya nchi za bara. Salme na watoto wake walichukuliwa katika msafara huo. Baada ya miaka 19 alitembea tena katika vichochoro vya mji wake, na watu wengi walimfuata wakimsalimu kwa furaha, hata Sultani akakasirika. Lakini Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara, wao hawakuwa na haja tena na madai ya mjane. Salme alielewa kwamba alikuwa ameletwa kama karata. Sisi ambao mipaka yetu ilichorwa katika miaka hiyo hiyo na watu wa namna hiyo hiyo tunaielewa hasira yake.

Katika safari hiyo alikwenda kuitazama Mtoni. Alikuta kasri linabomoka, ngazi zimeanguka, majani yameota ndani ya nyumba za kuogea. Barghash hakupenda Mtoni. Alikuwa amejijengea kasri jipya la Marhubi kati ya mwaka 1880 na 1882, si mbali na pale, likizungukwa na miembe na mabirika yenye mayungiyungi, kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Kasri hilo nalo liliungua mwaka 1899, na leo nguzo zake zimesimama bila paa. Kwa bahati mbaya au nzuri, watoto wa Sayyid Said walikuwa na ugonjwa mmoja wa kupenda kivuli na maji.

Mwaka 1886 Salme alitoa kitabu chake cha kumbukumbu kwa Kijerumani. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu anayejulikana kuandika na kuchapisha maisha yake mwenyewe. Karibu yote tunayoyajua juu ya uani wa Mtoni, vyakula, maradhi, mavazi, ugomvi wa wake na michezo ya watoto, yametoka humo. Wanahistoria wengi waliandika habari za Sayyid Said, karafuu, mikataba na manowari. Ni binti yake tu aliyeandika kwamba mzee huyo alitembea peke yake benjile akiwa ameinamisha kichwa.

Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Salme alirudi Unguja mara ya pili mwaka huo, akitumaini kwamba Sultani mpya, nduguye Khalifa, angekuwa na moyo mwingine. Hakupata kitu. Hakutaka kuendelea kuishi Ujerumani, akaenda kukaa katika nchi za Sham, kwanza Jaffa kisha Beirut, mahali aliposikia Kiarabu na kuiona bahari. Alikaa huko hadi mwaka 1914, ndipo akarudi Ujerumani kwa watoto wake. Uzeeni alipewa posho ndogo ya mwaka kutoka Unguja. Mashamba hayakurudi mikononi mwake.

Wala hayakubaki kwa ukoo wake. Mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, mashamba makubwa yalitaifishwa na ardhi ikagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Kizimbani leo panafundishwa kilimo, na wageni hupelekwa huko kunusa karafuu na mdalasini. Mtoni ni magofu. Katika jumba la makumbusho la kasri la mjini, pwani ya Forodhani, kilitengwa chumba kizima kwa ajili ya Salme.

Alifariki dunia mjini Jena tarehe 29 Februari, 1924, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 79. Watoto wake walipopanga vitu vyake walikuta mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote katika kila nyumba aliyohamia. Aliletwa Hamburg akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf pamoja na mumewe, na mchanga ule ukatiwa kaburini.